Minyaa Mia Mbili Kumi na Miwili

Tabora, Jumatatu, 2 Novemba 1953
Mvua: hakuna.

Memsahibu wa nyumba ya tatu amenipa madaftari mawili. La kwanza ni la mvua yake: kila asubuhi saa tatu nasoma kile kipimo cha kioo alichokisimika katikati ya majani, naandika inchi ngapi, namwachia barazani. La pili kasema la akiba. Akiba hiyo nimeichukua mimi. Nitaandika mvua kwanza, maana mkono umeshazoea, kisha yangu.

Mimi ni Anselm Kashindye, mtunza nyua. Sikusomeshwa na baba wala mjomba. Kusoma nilijifunza kwa katekista mmoja, miezi minne, kila nikitoka kibaruani. Hesabu nilizaliwa nazo. Nilianza kwa kufyeka kando ya reli. Leo nina nyua sita za maofisa na vibarua wanne chini yangu, na kwa miaka kumi na moja hakuna mwenye nyumba aliyenionyesha gugu ambalo sikuliona mimi kwanza.

Mke wangu, Apolinaria, yuko Kitete, wodi ya kifua, tangu tarehe 19 ya mwezi uliopita. Siku ile walimpima: ratili 104. Hatukujaliwa mtoto. Leo ni siku ya kumi na tano napika ugali wa watu wawili. Hesabu nilizaliwa nazo, lakini sufuria hii inanishinda.

Jumapili, 8 Novemba
Mvua: matone, hayapimiki.

Nimekwenda Kitete baada ya misa. Nimemkuta Mwanahawa keshafika na uji wake wa ulezi, amekalia kiti cha pekee kilichopo.

"Shikamoo, shemeji. Umechelewa, tumeshamaliza kukusengenya."

"Marahaba."

Mke wangu akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka muuguzi akaja. Sikupenda.

Huyu Mwanahawa ni jirani yetu mtaani Kanyenye, mke wa Nassibu mfua bati. Kiwanja chake na changu vimegusana, na kati yetu hakuna kitu ila kijia ambacho yeye na Apolinaria wamekichimba kwa miguu yao, wakipelekeana chumvi, moto na maneno. Ana mbuzi saba. Mwaka jana mbuzi hao walinilia mashina ya mihogo thelathini na moja. Nilipomwambia alijibu, "Pole shemeji, nitawasema." Mbuzi! Atawasema! Mwanamke huyu hajui mpaka, na nasema hivyo kwa maana zote mbili.

Jumatano, 11 Novemba
Mvua: hakuna. Nyumba ya pili wanataka majani yawe mabichi kama kwao. Nimewaambia wasubiri mbingu.

Jumamosi, 14 Novemba
Mvua: robo inchi.

Mwanahawa ameniletea barua. Apolinaria hajui kuandika. Ameandikiwa na Benedikta, msaidizi wa wodini. Nainakili:

"Mume wangu Anselm. Hali yangu si mbaya. Nipandie ua mlangoni, nilione nikirudi. Ule, usiache kula. Apolinaria."

Nimeisoma mara nne. Miaka minane namwambia huyu mwanamke tupande ua kuzunguka kiwanja, na miaka minane ananijibu kwamba tukijizungushia ua watu watadhani tunaficha kitu. Leo mwenyewe ameomba. Nimefurahi mpaka nikajionea haya, mtu kufurahi mkewe yuko kitandani.

Benedikta kaandika "nilione". Ua wa nyumba ni huu, si hili. Ilipasa aandike "niuone". Sipendi kosa kwenye karatasi. Nimechukua penseli nyekundu, nikaikata "li", nikaweka "u" juu yake.

Jumapili, 15 Novemba
Mvua: hakuna.

Sikumwambia Apolinaria mengi. Nimemwambia tu, "Lile jambo lako nimelipokea. Litakuwa tayari ukirudi."

Akanishika mkono wa kanzu. "Kweli? Hutasahau?"

"Mimi nimesahau nini lini?"

Alinitazama kidogo, kisha akasema asante.

Alhamisi, 19 Novemba
Mvua: nusu inchi.

Nimepima. Upande wa Mwanahawa futi sitini. Mbele futi hamsini, nikitoa nne za lango zinabaki arubaini na sita. Jumla mia moja na sita. Mnyaa mmoja kila nusu futi: minyaa mia mbili kumi na miwili.

Nitaikata kwenye mahame ya njia ya zamani ya Ujiji, pale ambapo misafara ilikuwa ikilala. Watu waliondoka zamani, minyaa ya maboma yao imebaki, imekuwa msitu. Kila fimbo nitaikata futi sita, ili Apolinaria akirudi asione vijiti, aone ua.

Jumanne, 24 Novemba
Mvua: hakuna. Nimekata 90. Utomvu umeniingia jicho la kushoto.

Jumatano, 25 Novemba
Mvua: hakuna. Jicho limevimba. Nimekata 122. Sasa zinalala kivulini mpaka maziwa yakauke kwenye kidonda. Anayepanda mnyaa siku ileile aliyoukata huozesha nusu, kisha hulaumu udongo.

Jumamosi, 5 Desemba
Mvua: inchi 1 na robo. Hatimaye!

Nilianza kupanda alfajiri. Nimepiga kamba, nimechimba mtaro wa kina cha futi moja, nimesimika 130. Nilipofika pale kijia kinapokatiza, Mwanahawa akatokea na kikombe cha chumvi mkononi, akasimama.

"Shemeji, unatega nini?"

"Napanda ua."

"Huu?"

"Unaona mwingine?"

Akatazama mstari wa minyaa kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha. "Na mimi nitapita wapi?"

"Barabarani, kama watu wengine. Na mbuzi wako pia uwaonyeshe barabara."

"Apolinaria anajua?"

"Apolinaria ndiye aliyeomba. Barua si uliileta wewe?"

Mwanahawa akageuka, akarudi kwake na chumvi yake. Nakiri nilisimika fimbo zilizofuata kwa raha.

Jumapili, 6 Desemba
Mvua: robo tatu ya inchi. Nimemaliza 82 zilizobaki, Mungu anisamehe, ilikuwa Jumapili. Kitete sikwenda.

Jumamosi, 12 Desemba
Mvua: inchi 1. Ukoka wa nyumba ya tatu unakua mbele ya macho. Nakata mara mbili kwa wiki, na siruhusu mashine iteremke chini ya inchi moja.

Jumapili, 20 Desemba
Mvua: nusu inchi.

Wamempima: ratili 97. Nimemwambia kazi yake imekamilika, kilichobaki ni yeye tu.

"Limeshika?" akauliza.

"Mia mbili kumi na mbili, na haikufa hata moja."

Akafumbua macho makubwa. "Anselm! Mia mbili! Mimi moja lingenitosha."

Nilijua anasema upande mmoja wa kiwanja. Watu wa Lusu, kwao Apolinaria, ndivyo wanavyosema Kiswahili, kila kitu kwao ni "li". Nikamjibu kwamba mimi sifanyi kazi nusu. Alicheka, akanipapasa mkono wenye mabaka ya utomvu, akasema, "Mume wangu amekuwa mtu mwingine." Nimerudi Kanyenye kwa miguu bila kusikia kwamba natembea.

Mwanahawa hakuwapo. Benedikta anasema siku hizi anakuja Jumatano, ili tusikutane.

Ijumaa, 25 Desemba
Mvua: inchi 2. Noeli. Nimekula peke yangu. Zamani sikukuu hii Mwanahawa alikuwa akituletea sinia ya wali na sisi tukimpelekea yake siku ya Idi. Mwaka huu haikuja sinia. Kuzunguka kwa barabara ni hatua 340. Kwa kijia zilikuwa 28.

Jumanne, 5 Januari 1954
Mvua: robo tatu. Minyaa imechipua ncha zote. Mbuzi hawajaingia.

Jumapili, 24 Januari
Mvua: inchi 1 na nusu.

Ratili 88. Daktari amesema naweza kumchukua nyumbani. Alieleza mengi kwa upole. Niliyoyashika ni mawili: apumzike, ale anachokitaka. Mtu anayepona haambiwi ale anachokitaka.

Nimetoka nje nikapiga hesabu kwenye ukurasa huu. Ratili saba kwa siku sitini na mbili. Kisha tisa kwa siku thelathini na tano.

Jumamosi, 6 Februari
Mvua: robo inchi, kabla ya mapambazuko.

Nimemleta kwa gari la mkokoteni, nimetandika magodoro mawili. Nilimsimamisha langoni nikiwa nimemshika kiuno, nikasema, "Haya. Tazama."

Ua umejaa. Futi tano na inchi mbili kwenda juu, umekatwa kwa kamba. Ukiweka sahani juu yake haianguki. Nyumba ya Bwana yeyote hapa Tabora haina ua ulionyooka hivyo.

Alitazama. Akatazama mbele, akatazama upande wa Mwanahawa. Kisha akatazama mlangoni, chini, kulia na kushoto kwa kizingiti, pale ambapo mimi nilikuwa nimefagia.

"Mwanahawa anapita wapi?" akauliza.

"Barabarani."

"Hm."

Akaomba kulala. Nilimlaza, nikamfunika, nikamwuliza kama ameupenda. Alisema, "Umefanya kazi sana, baba." Kisha akageukia ukutani. Sikujua kosa langu ni nini. Nilidhani ni uchovu wa njia.

Saa kumi Mwanahawa akaja, kwa barabara, amebeba uji. Hakunisalimu. Aliingia chumbani, wakaongea kwa sauti ya chini muda mrefu, akatoka macho mekundu, akanikamata mkono kama mtoto, akanipeleka nyuma ya jiko.

"Shemeji, ile barua unayo?"

Ninayo. Iko humu, kati ya kurasa. Mwanahawa hajui herufi za kizungu, alisoma Kurani, akaniambia nimsomee.

"'Nipandie ua mlangoni, niuone nikirudi.'"

"Hakusema hivyo. Nilikuwa nimekaa pale pale. Alisema nilione. Ni-li-o-ne."

"Benedikta alikosea, nikasahihisha."

"Ulisahihisha!" Akajipiga paja. "Ua, Anselm! Ua! La kutazama! Lile jekundu, lenye majani mapana kama kigomba, lililokuwa kwa mama yake Lusu. Mtu anapandaje boma mlangoni? Nami nilidhani la boma aliliongeza nilipotoka, nikaona haya kumwuliza mgonjwa."

Hajawahi kuniita Anselm.

"Na ni mara ya pili," akasema. "Ya kwanza ulimng'olea."

Hapo nikakumbuka. Mwaka wa 42, tulipohamia, alikuja na tunguu la ua lile kutoka Lusu, amelifunga kwenye kitambaa kibichi, akalipanda kando ya kizingiti. Lilikuwa na majani manne nilipolipiga jembe kupisha matuta ya viazi. Nilimwambia maua hayaliwi. Hakugomba. Alilala bila kula, nami nikadhani ana tumbo.

Nimeketi nayo barua. Nimejaribu kuifuta ile nyekundu kwa mkate, kama wanavyofanya makarani. Haitoki. Karatasi imetoboka.

Ratili 81 leo, wakati wa kumtoa. Saba kwa siku kumi na tatu. Mtu asiyejua hesabu ana bahati.

Jumapili, 7 Februari
Mvua: hakuna.

Nimeng'oa minyaa sita penye kijia. Futi tatu. Sikufunga hata kitambaa usoni. Mwanahawa alipita hapo hapo, nami ningali na jembe mkononi, akaniamkia kama kawaida. Akasema, "Mingine iache. Mbuzi wamezoea sasa." Alikuwa anataka nicheke, nami nilitaka kumridhisha, haikuwezekana.

Jumatatu, 8 Februari
Mvua: nusu inchi.

Hesabu. Tunguu lile, kutoka kuzikwa mpaka kuchanua, siku themanini, na ardhi yenye mbolea labda sabini. Hata yale maua ya mbegu ya nyumba ya tano, yanayojisifu kwa haraka, siku hamsini na tano. Nimezipanga hizi kwa namna zote. Siku zake hazifiki.

Jumatano, 10 Februari
Mvua: robo inchi.

Nyumba ya tatu yako yale yale mekundu, nyuma, karibu na tangi. Niliyapanda mimi, mashina arubaini. Leo nimekata moja, nimelifunga kwenye gunia bichi, nimelikimbiza nyumbani. Nililitia kwenye bilauri mbele yake.

Alilishika. Petali moja ikabaki kwenye shuka.

"Asante, baba. Lakini hili limeshakufa, halijui tu." Akavuta pumzi. "Nilitaka linalosimama."

Nimefikiri kuchimba shina zima. Nimehamisha mamia, najua: ukilihamisha likiwa limechanua, jioni limeinama, kesho limekwisha. Siwezi kumletea la pili la kufa.

Jumapili, 14 Februari
Mvua: hakuna. Kwa rehema.

Kama ua haliwezi kuja kwake, yeye anaweza kwenda. Sijui kwa nini ilinichukua siku nne kuona jambo ambalo kibarua angeliona.

Bwana na Memsahibu wako safari Nzega. Nimechukua toroli la kazi, Nassibu akanigongea gurudumu lisilie, Mwanahawa akatandika godoro na kanga tatu. Tukamketisha Apolinaria, miguu mbele. Mwanahawa akashika mwavuli. Maili moja na robo.

Babu yangu alibeba pembe kutoka hapa mpaka Bagamoyo, frasila mbili begani, siku tisini. Nilikuwa nikilisimulia kwa majivuno. Leo nimesukuma mzigo mwepesi kuliko wowote, nikaenda polepole kuliko yeye.

Karibu na njia panda kijana wa baiskeli akapiga kelele, "Mzee, unampeleka bibi mnadani?"

Kabla sijamtukana, Apolinaria akajibu kwa ile sauti iliyobaki, "Mnunuzi hajapatikana, wewe huna ng'ombe wa kunilipia!" Mwanahawa alicheka mpaka mwavuli ukaenda upande. Mimi pia. Tulikuwa watu watatu tunaocheka barabarani.

Dionis, mpishi wa nyumba ya tatu, alitufungulia lango la nyuma. "Ingieni, ingieni. Leo bwana wa nyumba ni mimi." Akaleta chai katika kikombe cha Memsahibu, chenye ukingo wa dhahabu.

Nilisukuma toroli kukatiza majani, moja kwa moja mpaka penye tangi. Udongo ulikuwa laini. Nikalisimamisha.

Yalikuwa yamechanua yote arubaini, mekundu, yamempita kimo.

Apolinaria alinyoosha mkono akashika jani moja, akalisugua kati ya vidole kama mtu anayechagua kitambaa. Kisha akageuka akatazama na mengine: waridi za barazani, mzunguko wa njano, ukoka uliolazwa kama mkeka mpaka langoni. Miaka kumi na moja natoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni, na hakuwahi kuona ninakokwenda.

"Yote haya umepanda wewe?"

"Mimi."

"Na haya mekundu, Memsahibu alikuomba mara ngapi?"

Nilitamani nisijue.

"Mara moja."

Akatikisa kichwa taratibu. Hakuwa na hasira. Ningepata nafuu kama angekuwa nayo. Akayatazama tena, akanywa chai kidogo, Mwanahawa akamfuta mdomo.

"Mimi," akasema, "nilidhani hujui."

Jumatatu, 15 Februari
Mvua: inchi 1. Amekula vijiko vitatu.

Jumanne, 16 Februari
Mvua: inchi 1 na robo. Kijiko kimoja. Mwanahawa hajarudi kwake.

Alhamisi, 18 Februari
Saa nne asubuhi, Apolinaria. Mwanahawa alikuwa amemshika mkono mmoja, mimi mwingine. Mvua sikupima.

Jumatatu, 1 Machi
Mvua: nusu inchi.

Nimerudi kazini. Dionis alinikumbatia mlango wa jikoni, mikono yake ina unga.

Memsahibu akatoka, akasema, "Pole sana, Anselm. Pole sana," na nadhani alisema kweli. Kisha akanipeleka nyuma, akaonyesha kwa kidole.

"Hii nini? Nani napitisha gari hapa?"

Alama ya gurudumu. Jua la siku mbili tatu kavu za mwisho wa Februari lilikuwa limeikausha kama iliyochongwa, kutoka lango la nyuma mpaka penye tangi.

"Toroli, Memsahibu. Ni mimi."

"Tengeneza, tafadhali."

"Ndiyo, Memsahibu."

Nikaipima. Futi sitini na nane, upana inchi mbili, kina inchi moja na nusu. Karibu na tangi imezama zaidi, pale niliposimama naye.

Jumanne, 2 Machi
Mvua: robo inchi.

Hili jambo lina utaratibu wake. Hujazi mfereji kwa udongo juu, maana utazama tena. Unaingiza uma chini yake, kila inchi nne, unainua polepole mpaka ardhi ipumue. Kisha mchanga na udongo mweusi, nusu kwa nusu. Kisha nyuzi za ukoka, unazibana kwa kisigino, unamwagilia. Siku kumi na nne asipite mtu.

Vibarua walitaka kunisaidia. Nikawatuma nyumba ya sita. Nimefanya mwenyewe, futi zote sitini na nane, kwa magoti.

Jumanne, 9 Machi
Mvua: inchi 1. Umeshika.

Jumanne, 16 Machi
Mvua: robo tatu ya inchi.

Siku ya kumi na nne. Nimekwenda na kamba na rula. Nimepiga magoti nikalaza shavu juu ya majani, kama ninavyowafundisha vibarua, kwa sababu kosa la ardhi halionekani ukiwa umesimama. Pamelingana. Ukoka umefunga kila mahali, rangi moja. Nimerudia kutoka lango la nyuma mpaka penye tangi, nikitafuta kwa kiganja pale toroli lilipopita. Kazi yangu ni nzuri. Hata mimi sikupaona.